Mbunge wa jana, mpanga bei wa leo: bili yangu ya umeme iko mikononi mwa nani?

Swali:

"Mwalimu, salamu. Mimi ni Mkongomani, mzaliwa wa Uvira. Naishi Clarkston, karibu na Atlanta, Georgia, tangu 2016, na nafanya kazi ya usiku kwenye ghala. Bili yangu ya umeme ya Agosti ilifika dola 268, kwa nyumba ya vyumba viwili. Mapema 2025 niliapa uraia, na Novemba nikapiga kura kwa mara ya kwanza maishani Marekani. Kwenye skrini nikaona nafasi za watu wa tume inayopanga bei ya umeme. Shemeji yangu aliyeko Ohio ananicheka. Anasema hao ni wabunge waliochoka wanaotafutiwa pa kulia, kampuni inawapa bahasha, na kazi hiyo wangepewa mainjinia. Ananitolea mfano wa mzee mmoja anayeitwa Bubba McDonald, aliyekaa bungeni miaka mingi kisha akawa mpanga bei. Inawezekanaje mwanasiasa akapanga bei ya umeme? Kura yangu ilikuwa na maana yoyote? Na mke wangu, ambaye bado ana kadi ya ukaazi tu, naye anaweza kupiga kura mwaka 2026? Halafu tumeletewa barua ya kukatiwa umeme."

Jibu:

Ndugu yangu, barua umeiweka mwisho, mimi naianza. Siasa zinaweza kungoja, nyama iliyo kwenye friji haingoji.

Piga simu kwa kampuni kabla ya tarehe iliyoandikwa kwenye barua, usisubiri siku yenyewe. Omba mkalimani wa Kiswahili, hata kama Kiingereza chako kinatosha kazini, kwa sababu masharti ya kulipa deni yana maneno ya mtego. Omba mpango wa kulipa kidogo kidogo, na usikubali kiasi ambacho unajua mwezi ujao utashindwa kukilipa. Ukivunja mpango wa kwanza, wa pili huwa mgumu kupewa. Kama nyumbani kuna mgonjwa anayetegemea mashine au dawa ya kuwekwa kwenye baridi, sema hivyo mara moja na utafute barua ya daktari. Piga 211 uulize msaada wa serikali kuu wa kulipia nishati, unaoitwa LIHEAP. Kanuni za tume ya Georgia zinazuia kukata umeme katika siku za baridi ya kuganda wakati wa kipupwe na siku ambazo mamlaka ya hali ya hewa imetoa tahadhari ya joto la hatari, ila zina masharti yake, na deni halifutiki. Ukiona mnazungushwa, peleka malalamiko kwenye kitengo cha wateja cha tume hiyohiyo unayoiuliza hapa. Wakiletewa malalamiko huitaka kampuni ijieleze, na hakuna anayekuuliza uraia wako.

Tukishalimaliza hilo, turudi kwa shemeji.

Wasiwasi wako nauelewa. Umetoka mahali ambapo SNEL, shirika la umeme la Kongo, ikikata imekata, na mtu wa kawaida hana wa kumuuliza. Umefika nchi ambayo wanakuonyesha kwenye skrini majina ya watu wanaopanga bei, wanakwambia chagua. Kisha unasikia mmoja wao alikuwa mwanasiasa wa miaka nenda rudi. Lazima moyo uulize: huyu ni hakimu wa bei au ni mchuuzi wa kura? Mimi nimekokotoa bei za umeme kwa miaka mingi, kwanza Dar es Salaam, baadaye huku, na nakwambia swali lako ni zuri kuliko jibu la shemeji. Ila kuna mahali amekosea, na kuna mahali amepatia bila kujua.

Tuanze na huyo mzee, maana safari yake inafundisha mengi. Jina lake kamili ni Lauren McDonald Mdogo. "Bubba" ni jina la utani la watu wa Kusini, lenye asili ya kumwita mtu kaka, na yeye aliliandikisha hata kwenye karatasi ya kura. Alikaa miaka 20 kwenye Baraza la Wawakilishi la jimbo la Georgia, enzi ambazo jimbo zima lilikuwa la chama cha Democratic. Mwaka 1990 akagombea tikiti ya chama hicho kwa nafasi ya ugavana. Akashindwa. Aliyeshinda ni Zell Miller. Sasa angalia dunia inavyozunguka: mwaka 1998 kiti kilipobaki wazi kwenye Tume ya Huduma za Umma, ndiyo hiyo inayopanga bei ya umeme, gavana aliyemteua McDonald kukikalia alikuwa huyohuyo Miller, aliyekuwa mshindani wake miaka 8 nyuma.

Hapo shemeji atapiga meza: "Si nimesema? Kutafutiwa pa kulia!" Sawa, hapo namwachia. Lakini hadithi haikuishia hapo. Mwaka 2002 wananchi wa Georgia walimtoa McDonald kwa kura. Jimbo lilikuwa linageuka kuelekea Republican, naye akageuka nalo. Mwaka 2008 akarudi kwenye tume ileile kwa kura za wananchi, safari hii akiwa na bendera ya Republican. Mtu huyohuyo, kazi ileile, chama kingine. Ukiniuliza kama alibadilika imani au alisoma upepo, nitakujibu kwamba wanasiasa wengi wa Kusini wa rika lake walifanya vivyo hivyo, na umeme wenyewe hauna chama.

Mwaka 2013 ndio unaonifanya nimtaje bila kumdharau. Kampuni ya Georgia Power ilileta mpango wake wa muda mrefu wa kuzalisha umeme, na ndani yake haikuweka nyongeza ya umeme wa jua. McDonald akasimama na pendekezo lake: kampuni iongeze megawati 525 za sola. Kampuni haikulitaka. Upande wake walisimama watu ambao kwa kawaida hawakai meza moja, wanaharakati wa mazingira wa Sierra Club na wahafidhina wa Tea Party wa Atlanta, hawa wa pili wakisema kwamba raia ana haki ya kuchagua umeme wake bila kulazimishwa na kampuni moja. Likapita kwa kura 3 dhidi ya 2, kwenye tume ambayo wote 5 walikuwa wa chama kimoja. Yule mzee wa bungeni ndiye aliyeisukuma kampuni kubwa kuliko zote za umeme jimboni mahali ambapo haikutaka kwenda.

Unadhani injinia angeweza? Hesabu angeiweza. Lakini kupata kura ya tatu kwenye chumba cha watu 5, kujua nani anamwogopa nani, kuwakutanisha mahasimu wakubaliane neno moja tu na kuacha mengine yote, hiyo ni kazi ya mtu aliyekaa bungeni miaka 20.

Ila subiri, usimvike taji bado. Ili umpime vizuri inabidi ujue bei ya umeme inatengenezwaje, na hapo ndipo wengi hupotea. Vumilia kidogo, nitatumia mashine ya kusaga.

Chukua kijiji chenye mashine moja tu ya kusaga. Wanakijiji wanamwambia mwenye mashine: hatutamruhusu mwingine afungue yake hapa, wateja wote ni wako, lakini bei hupangi peke yako, itapangwa na kamati. Kamati inakaa. Dizeli, mshahara wa kijana anayesaga, vipuri: hivi unarudishiwa kama ulivyotumia, huongezi hata senti. Mtaji wako, yaani mashine yenyewe na banda lake, tutakurudishia polepole kadiri unavyochakaa, na juu yake tutakupa faida kila mwaka. Kwa Georgia Power, faida iliyokubaliwa kwenye shauri la bei la 2022 ilikuwa asilimia 10.5 kwa sehemu ya mtaji iliyotoka kwa wenye hisa. Sehemu iliyokopwa hulipiwa riba yake.

Sasa jiulize, huyu mwenye mashine atatajirika kwa njia gani? Kwenye dizeli hapati kitu. Akibana matumizi, kamati itapunguza bei mwakani. Njia iliyo wazi ni moja: anunue mashine kubwa zaidi, na banda kubwa zaidi, kwa sababu faida inahesabiwa juu ya ukubwa wa mtaji. Simwiti mwizi. Kanuni zenyewe ndizo zinamwelekeza huko, na hata ungekuwa wewe ungependa mashine mpya. Kazi ya kamati ni kumuuliza: hiyo kubwa ni ya nini, mahindi yako wapi, na kama mahindi yasipokuja atalipa nani?

Ndiyo maana huwa nawaambia watu kwamba bei ya umeme hupangwa siku ya kuruhusu ujenzi. Siku wanayotangaza nyongeza na kamera zimejaa, maamuzi makubwa yalishapita miaka mingi nyuma, kwenye kikao ambacho hakukuwa na mtu.

Mfano wenyewe mnao hapo Georgia. Vinu viwili vipya vya nyuklia, namba 3 na 4 vya Vogtle, viliidhinishwa na tume mwaka 2009. Makadirio ya mradi mzima, kwa wamiliki wote, yalikuwa kama dola bilioni 14. Machi 2017 kampuni ya Westinghouse, iliyokuwa ikivijenga, ikaomba hifadhi ya kufilisika. Mwaka huohuo jimbo jirani la South Carolina likaachana na vinu vyake viwili vya aina ileile baada ya kutumia takriban dola bilioni 9, na wateja wakabaki wanalipia mashimo. Desemba 2017 makamishna wa Georgia walikaa kuamua: tuache au tuendelee? Walipiga kura ya kuendelea, wote, Bubba McDonald akiwemo. Kinu cha 3 kilianza kuuza umeme Julai 2023, cha 4 Aprili 2024, miaka 7 baada ya wakati, na gharama ikiwa imepita dola bilioni 30. Tume iliibebesha kampuni sehemu ya hasara, lakini dola bilioni 7.56 za ujenzi ziliingizwa kwenye bei. Kwa nyumba inayotumia uniti 1,000 kwa mwezi, kinu cha 4 peke yake kiliongeza dola 8.95 kila mwezi, juu ya dola 5.42 zilizokuja na kinu cha 3.

Hizo ziko ndani ya zile dola zako 268. Hukuzisikia zikiingia kwa sababu 2009 ulikuwa Uvira.

Je, walikosea kuendelea? Mimi nilikuwa upande wa waliodhani ilikuwa bora kuacha; leo vinu vinafanya kazi, havitoi moshi, na vitadumu miongo mingi, kwa hiyo anayebishana nami ana hoja. Nisichokubali ni jinsi mzigo ulivyogawanywa, na hapa ndipo shemeji amepatia bila kujua. Mwaka 2009 bunge la jimbo lilipitisha sheria iliyoiruhusu kampuni kuwatoza wateja gharama za mkopo wa ujenzi kabla kinu hakijatoa hata uniti moja. Kulipia mashine ya kusaga ambayo bado iko melini! Iliandikwa na wabunge, tume ikaikuta mezani. Tena mwaka mmoja kabla, 2008, katika kubana bajeti, jimbo liliacha kuigharamia ofisi iliyokuwa ikiwasemea wateja wadogo mbele ya tume. Tangu hapo kazi hiyo imeachiwa wafanyakazi wa tume wenyewe, wakisaidiwa na mashirika ya hiari.

Kwa hiyo ukitaka kuona siasa inaingia wapi kwenye bili yako, usimkazie macho mbunge aliyehamia kwenye tume. Watazame na wale waliobaki bungeni. Wao ndio wanaoamua tume itakuwa na nguvu gani, na nani ataruhusiwa kuuliza maswali.

Turudi kwenye hoja ya mainjinia. Shemeji yuko Ohio, basi tumpe mfano wa kwao. Kule makamishna hawachaguliwi. Gavana anateua kutoka kwenye orodha iliyochujwa, ili wapatikane watu wanaojua kazi. Mwenyekiti aliyeteuliwa 2019 hakuwa mwanasiasa wa kuchaguliwa, alikuwa mwanasheria aliyebobea kwenye mambo ya nishati. Baadaye kampuni ya FirstEnergy ilikiri, kwenye makubaliano na waendesha mashtaka wa serikali kuu mwaka 2021, kwamba ilimlipa dola milioni 4.3 muda mfupi kabla hajakalia kiti hicho. Yeye alikana mashtaka, na alifariki Aprili 2024 kesi haijasikilizwa. Spika wa bunge la jimbo, Larry Householder, hakuponyoka: alihukumiwa kifungo cha miaka 20 mwaka 2023 katika kashfa hiyohiyo, iliyohusu dola milioni 60 na sheria ya kuvinusuru vinu viwili vya nyuklia. Utaalamu haukumzuia mmoja asitajwe, na kuchaguliwa hakukumzuia mwingine asifungwe.

South Carolina nayo ina njia ya tatu: makamishna huchaguliwa na wabunge wenyewe. Ndiko kwenye mashimo ya bilioni 9.

Majimbo 10 tu ya Marekani ndiyo yanayowaachia wananchi kuchagua watu hawa kwa kura, Georgia ikiwa mojawapo, na asili yake ni ya zamani. Tume ya Georgia iliundwa 1879 kwa ajili ya reli, wakulima walipochoka kupangiwa nauli ya mizigo na mwenye treni pekee aliyepita kwao. Kwetu Afrika Mashariki hatuna utaratibu huo. EWURA ya Tanzania na EPRA ya Kenya, mamlaka zinazodhibiti bei za umeme, huongozwa na watu wa kuteuliwa, na mwananchi hupata nafasi yake kwenye mikutano ya kukusanya maoni. Tanzania tunaita taftishi. Nimekaa kwenye taftishi nyingi. Mwenye mashine ya kusaga halisi, wa mashine ya kweli, akisimama na kusema bei hii itanifungia mlango, ukumbi hunyamaza. Kinachofuata baada ya ukimya huo ndicho kinachotofautiana.

Mfumo wa kura una ugonjwa wake, nikuambie ukweli. Sheria ya Georgia inazikataza kampuni zinazodhibitiwa na tume kuwachangia makamishna fedha za kampeni. Haiwakatazi mawakili wao, wakandarasi wao, wala watu wanaofanya nao biashara. Ugonjwa wa pili ni usingizi wa wapiga kura: jina liko chini kabisa ya orodha, mtu kachoka, anabonyeza chama chake anaondoka. Kamishna anayejua hakuna anayemtazama atamsikiliza yule anayemtembelea kila wiki, na anayemtembelea kila wiki ni mtu wa kampuni. Bahasha haihitajiki. Mtu unayekula naye chakula cha mchana mara 40 kwa mwaka huanza kuonekana mwenye akili.

Sasa, kura yako. Georgia haikufanya uchaguzi wa tume hiyo mwaka 2022 wala 2024, kwa sababu ya kesi mahakamani kuhusu haki ya wapiga kura weusi. Wakati huo bei ilipanda mara 6 ndani ya takriban miaka 2, kuanzia 2023. Novemba 4, 2025 uchaguzi ulipofanyika, makamishna wawili waliokuwa madarakani waliangushwa. Walioshinda, Alicia Johnson na Peter Hubbard, walipata zaidi ya asilimia 60 kila mmoja, na chama chao cha Democratic kilikuwa hakijashinda nafasi ya utawala wa jimbo zima tangu 2006. Wewe ulikuwa mmojawapo wa waliofanya hivyo, kwa kura yako ya kwanza. Mwambie shemeji.

Ila usitarajie bili ishuke. Viti ni 5 na wapya ni 2. Kura ya tatu hawana. Bei ya msingi ilishagandishwa na tume Julai 2025 hadi mwisho wa 2028, ingawa gharama za vimbunga, kama kile cha Helene cha Septemba 2024, zimeachiwa mlango wa pembeni. Na Desemba 2025, siku chache kabla wapya hawajaapishwa, tume ya zamani iliidhinisha kwa sauti moja kampuni iongeze takriban megawati 10,000, kwa sehemu kubwa kwa ajili ya vituo vya data. Kumbuka mashine ya kusaga. Kampuni inasema vituo hivyo vitalipa gharama zake na hata kuwapunguzia wengine. Inawezekana, vikija vyote na vikikaa. Kama nusu ya mahindi yasipokuja, mashine itakuwa imeshanunuliwa. Bili utakayobishana nayo 2030 imeandikwa wiki ile, watu wakiwa wanafunga zawadi za Krismasi.

Kwa hiyo ukikutana tena na majina hayo, usiulize tu "alikuwa mbunge?" Uliza alipigia kura ujenzi gani, na alipoupigia alidai nini endapo gharama itapanda. McDonald, kwa kipimo hicho, ana ukurasa wa 2013 na ana ukurasa wa 2017, na mtu mwaminifu atazisoma zote mbili. Januari 2021, kwenye marudio yaleyale ya uchaguzi ambayo chama chake kilipoteza viti vyote viwili vya Seneti ya Marekani, wananchi wa Georgia walimrudisha kwa tofauti ndogo. Kuna waliomchagua kwa sola, kuna waliomchagua kwa chama, na naamini wapo waliolipenda jina tu.

Kuhusu mkeo: asipige kura. Asijiandikishe hata kama mtu wa kujitolea sokoni atamwekea fomu mbele na kumwambia haina shida, na awe mwangalifu anapochukua leseni ya udereva, maana hapo ndipo watu huandikishwa bila kuelewa. Kwa mwenye kadi ya ukaazi, kura moja inaweza kumfungia njia ya uraia na hata kumfukuzisha nchini. Kama ameshajiandikisha kwa bahati mbaya, msijaribu kulitatua wenyewe. Muoneni mwanasheria wa uhamiaji ana kwa ana kabla hajajaza fomu nyingine yoyote. Lakini kusema mbele ya tume si kupiga kura. Vikao vyao viko katikati ya Atlanta, Mtaa wa Washington, hatua chache kutoka jengo la bunge la jimbo, na kabla ya ushahidi wa mawakili huwa wanatoa dakika chache kwa mtu yeyote. Shida ni kwamba hufanyika asubuhi ya siku ya kazi. Wewe unatoka ghalani saa hizohizo. Nenda na sare yako. Usisome hotuba. Shika bili mbili, ya Agosti mwaka huu na ya Agosti miaka mitatu iliyopita, soma uniti na dola za kila moja, taja mshahara wako wa saa, kaa chini. Nimeona mawakili wa kulipwa wakizungumza saa nzima bila kuacha alama kama hiyo.

Na kabla hujaenda, soma hizo uniti vizuri, kwa sababu kuna jambo linaloweza kukuaibisha pale mbele. Kuanzia Juni hadi Septemba, bei ya kawaida ya nyumbani ya Georgia Power hupanda kwa ngazi: uniti 650 za kwanza bei moja, 350 zinazofuata bei ya juu, na ukivuka 1,000 bei ya juu zaidi. Kiyoyozi cha ghorofa za zamani za Clarkston, chenye kichujio ambacho hakijabadilishwa tangu uhamie, kinaweza kukuvusha ngazi hiyo peke yake. Usishangae ukigundua kwamba kwenye dola 268 sehemu ni ya tume, sehemu ni ya vinu, na sehemu ni ya mwenye nyumba asiyetaka kurekebisha mlango unaovuja baridi. Kama bili inatoka kampuni ya ushirika, zile zinazoandikwa EMC, basi haya yote ya tume hayakuhusu sana: bei zao hupangwa na bodi inayochaguliwa na wanachama, na mwanachama ni wewe mwenye mita.

Nitumie picha ya ukurasa wa pili wa bili, ule wenye mistari midogo, ukiwa umefuta jina na namba ya akaunti. Nitakuonyesha mstari upi ni wa nani.